Mtoto Aliyepimwa Mara Nane

Sista Tekla hakuinua hata macho. "Chamazi hakuna watoto wenye utapiamlo," alisema, akaisukuma kadi ya kliniki irudi upande wa pili wa meza, kama mtu anayesukuma sahani baada ya kushiba.

Filomena alidhani hakusikia vizuri. Yustina alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga, mwepesi kiasi kwamba njia nzima mama mtu alikuwa akipeleka mkono nyuma kuhakikisha kama mtoto bado yupo. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya makumbi ya nazi. Miguu ilikuwa imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki palepale, linakutazama.

"Lakini sista, si huyu hapa? Huyu ni wa Chamazi. Mwangalie."

"Namwona. Si mie niliyesema, utafiti ndio uliosema." Muuguzi akaonyesha kwa kidevu makatoni yaliyopangwa nyuma yake mpaka usawa wa dirisha. "Walikuja watu wa chuo kikuu wakapima watoto wenu, nyumba kwa nyumba. Wakakuta wote wanene. Wanene hasa! Goba wakakuta wamekonda. Basi maziwa hayo yote unayoyaona yanangoja gari la kwenda Goba. Mie nikigawa hata kopo moja hapa, nitajibu nini?"

"Mwanangu amenenepa wapi, sista?"

"Ndiyo nami nakuuliza." Sauti ya Sista Tekla ikapanda kidogo, ya kutosha foleni nzima kusikia. "Mtaa mzima watoto wazima, wako peke yake ndiye kawa hivi. Sie tunajua hiyo ni nini. Mmembemenda mtoto. Nenda kamwulize mumeo alikuwa analala wapi."

Foleni ilicheka. Haikucheka kwa sauti, ilicheka kwa kujikohoza. Kubemenda ni kesi isiyo na wakili. Mtoto anayenyonya akinyauka, basi baba au mama ametoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye anayelipa. Hakuna shahidi anayeitwa, maana mtoto mwenyewe ndiye shahidi, na anatembezwa mgongoni mchana kweupe.

Filomena alichukua kadi yake. Watu walidhani amenyamaza kwa ajili ya lile tusi. La hasha. Alinyamaza kwa sababu aliwafahamu wale watoto wanene wa Chamazi. Aliwafahamu wote. Walikuwa mtoto mmoja, na mama yake alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Mambo yalikuwa hivi. Kabla ya masika ya mwaka ule wa sabini na sita, balozi wa nyumba kumi, Mzee Fakihi, alipata habari kwamba kuna msichana wa chuo kikuu atakuja kupima watoto na kuuliza watu wanakula nini. Kupima kwa ajili gani? Haikusemwa. Sasa ukimwachia Mzee Fakihi jambo lisilosemwa, atalisema yeye. Ilikuwa miaka ya watu kupakiwa malori kurudishwa mashambani, wale wasio na kazi inayoeleweka, na mzee akaunganisha mwenyewe. Aliwaita akina mama akawaambia, "Nyumba itakayoonekana ina njaa ndiyo itakayopakiwa. Serikali haiwezi kuweka watu mjini wasioweza kujilisha. Nyie wenyewe jijazeni."

Wa kwanza kupakiwa, kila mtu alijua, angekuwa Romani, mume wa Filomena. Alikuwa Mmakonde mchonga vinyago, na mpingo hautoi kitambulisho cha kazi.

Mtaani palikuwa na mtoto mmoja tu wa kuonyeshwa watu: Gaudens, mtoto wa Apolonia. Baba yake, Albano, alikuwa mpishi katika bweni moja la serikali huko mjini, na kila jioni alirudi na kopo lililofunikwa, ambalo hakuna aliyeuliza lina nini kwa sababu Gaudens mwenyewe alikuwa jibu. Mapaja yake yalikuwa na mikunjo ya kupotezea thumuni. Basi watu wakamwazima. Chamazi watu waliazimana kinu, waliazimana jembe, waliazimana hata koti la kuolea. Mtoto naye akaingia humohumo.

Yule msichana, Bi Kokushubila, alikuwa mpole, na mizani yake ilikuwa ya kuning'iniza, yenye kisuruali cha turubai cha kumtia mtoto. Alipomaliza nyumba ya kwanza, mwenye nyumba alimchelewesha mlangoni kwa maji ya kunywa na habari za mvua. Huku nyuma Gaudens anatoka uani, ndani ya tenga, anakatizwa shamba la mihogo, anavalishwa kofia nyingine, anaingia nyumba ya pili. Kila mama alimficha wake, na wenzake aliwapa sababu yake: wangu ana surua, wangu macho mekundu, wangu kaenda kwa bibi yake. Hakuna aliyesema wangu amekonda. Gaudens alikuwa mtoto wa watu wote, hana kinyongo. Kufika nyumba ya nne, alipokuwa akikiona kile kisuruali tu, ananyoosha mikono mwenyewe anyanyuliwe.

Nyumbani kwa Filomena aliitwa Yustina. Akatiwa kwenye mizani, akacheka, halafu akafanya vile wafanyavyo watoto wa kiume wakipigwa na upepo: mkojo ukapanda juu kama bomba lililopasuka, ukachora upinde, ukatua kifuani mwa Bi Kokushubila. Yule msichana alisimama na blauzi yake imelowa. Alimtazama mtoto. Akamtazama Filomena, kitambo kirefu. Kisha akajifuta kwa leso.

"Wa kike, eh?"

"Wa kike," akasema Filomena.

Akaandika.

Tangu siku hiyo Filomena alikuwa akistaajabu jinsi mtu anavyoweza kufika chuo kikuu bila kujua kitu kama kile. Alimsimulia Romani wakacheka mpaka machozi. Yustina wa kweli wakati ule alikuwa jikoni kwa Apolonia, amefunikwa kanga, ameambiwa anyamaze. Na alinyamaza. Hata wakati ule alikuwa hana nguvu ya kukataa.

Filomena aliporudi kutoka kliniki, Romani alikuwa barazani, tezo mkononi, anatoa watu ndani ya gogo: mmoja amempanda mwenzake, mwenzake amempanda mwingine, mpaka chini kabisa yuko mmoja aliyewabeba wote. Mnunuzi wa mjini alikuwa hajatokea wiki ya tatu sasa, lakini mkono ulikuwa hauwezi kukaa bure.

"Umepata?" akauliza.

"Nimepata matusi." Filomena alimfungua mtoto, akamlaza mkekani. "Wameambiwa watoto wa Chamazi wote wanene. Kwa hiyo maziwa ya Goba. Na huyu wangu amekonda kwa sababu yako."

"Yangu?"

"Unabemenda. Muuguzi kasema mbele za watu. Ulikuwa unalala wapi, Romani?"

Tezo likasimama. Romani alimtazama mkewe kama mtu aliyepigwa kofi na mkono asioujua. "Mie? Nilale wapi mie? Nitoke na mavumbi haya ya mpingo, nani atanifungulia mlango?"

"Niambie kweli."

"Kweli ni kwamba hatuli, Mama Yustina. Mihogo asubuhi, mihogo jioni, na maziwa yako yamekauka. Hakuna mwanamke katika habari hii."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na Filomena akaona kwamba afadhali angekuwapo mwanamke. Mwanamke unaweza kumfuata ukamtukana.

Apolonia alikuwa amesikia yote, maana kuta za udongo hazifichi kitu. Aliingia na bakuli la uji, akaliweka bila kusema ni la nani. Nyuma yake Gaudens alikuja kwa miguu yake, sasa anatembea, anaongea maneno manne, na matatu kati ya hayo ni "mama."

"Shoga, mie sikujua," Apolonia akasema. "Kuazima mtoto nilidhani ni kuazima mtoto. Ningejua wanamgawia mtu maziwa…"

"Nani alijua?"

Hawajamaliza, Mzee Fakihi akabisha hodi, kofia mkononi, na hilo peke yake lilitisha, kwa sababu kofia ya mzee haikuwa na kawaida ya kutoka kichwani.

"Shikamoo, mzee," wakasema wote.

"Marahaba. Kaeni. Kuna jambo limezuka. Anakuja mwingine. Kesho."

"Mwingine nani?"

"Wa chuo. Anakuja kurudia. Maswali yaleyale, mizani ileile, nyumba zilezile. Ndivyo walivyo hao: mmoja anapima, mwenzake anapita nyuma yake aone kama atapata vilevile."

"Asipopata?" Romani akauliza.

"Asipopata, basi mmoja kasema uongo. Yule dada wa chuo hawezi kuwa yeye. Watakuwa wamebaki nani?" Mzee akajigusa kifua, kisha akazungusha kidole kwa wote. "Kuidanganya serikali, hiyo si lori tena. Hiyo ni pingu. Kwa hiyo lazima apate vilevile. Gaudens atazunguka."

Apolonia akapiga kelele. "Mzee! Huyu sasa anakimbia! Anajua kwao!"

"Mtampa muwa."

Romani alicheka bila furaha. "Mzee, mie kazi yangu ni hii. Mnunuzi huniambia, Romani, nataka kingine kama kile cha jana. Gogo jingine, mkono uleule, na siwezi. Wewe unataka mtoto mmoja awe watoto wanane, tena baada ya miezi yote hii?"

"Wewe ndiye wa kwanza kupakiwa," Mzee Fakihi akamjibu, "halafu unaniletea habari za sanaa." Akamgeukia Filomena, na sauti ikalainika, ikawa mbaya zaidi. "Mama Yustina. Mie naliona hilo toto. Sina moyo wa jiwe. Lakini ukilitoa nje kesho, umetuuza wote, kuanzia huyu mumeo. Tumeelewana?"

Filomena alikuwa akiupuliza uji wa Apolonia, kijiko kimoja baada ya kingine, na Yustina alikuwa akiuacha utoke pembeni ya mdomo kana kwamba umekusudiwa mtu mwingine.

Mtafiti wa pili aliitwa Ndugu Elinaza, Mpare mwembamba ndani ya Kaunda suti, mtu wa kusalimia mpaka mbwa. Alianza kwa Mzee Fakihi mwenyewe. Gaudens alitolewa kama mjukuu. Alipoiona mizani, uso ukamchanua, akanyoosha mikono. Akapimwa, akashushwa, akavikwa kofia, akapewa muwa, akakatizwa mihogo. Nyumba ya pili ikaenda hivyohivyo, ingawa aliyembeba alifika anahema na kucha zimemchora shingoni.

Nyumba ya tatu ndiko mambo yalikoharibika. Gaudens alikuwa amekwisha kuelewa kwamba yule mtu wa mizani anapita njia ya mbele, kwa nini yeye apitishwe mihogoni? Akamng'ata aliyembeba, akajichopoa, akaacha muwa, kofia na kaptura, akatoka mbio barabarani uchi wa mnyama. Alimpita mtafiti, akampita balozi, na kwa sababu nyumba ya Filomena ilikuwa ya kona na mlango wake alikuwa akiufahamu, akaenda kusimama hapo. Akageuka. Akanyoosha mikono.

Ndugu Elinaza alisimama. "Huyu nimempima kwako, mzee."

"Hapana, ndugu."

"Halafu nikampima nyumba ya pili, akiwa na kofia."

"Watoto wa huku wanafanana sana, ndugu yangu," Mzee Fakihi akasema, jasho linamtoka. "Ni maji ya kisima."

Majirani walikuwa wamejaa kwenye nyua zao, hakuna anayecheka. Mtafiti alimpita Gaudens taratibu, akapiga hodi.

"Hodi, mama. Hapa nina mtoto anaitwa Yustina. Yuko wapi?"

Filomena alikuwa amesimama ndani ya mlango. Nyuma yake, juu ya kitanda cha kamba, Yustina alikuwa amefunikwa kanga, kanga ileile ya siku ile. Mbele yake alimwona Mzee Fakihi akitikisa kichwa polepole. Alimwona Romani, tezo limening'inia mkononi, macho yamekwama kwenye barabara ambayo lori lingepita. Alimwona Gaudens, mikono juu bado, anaanza kununa. Ingekuwa neno moja tu: huyo hapo.

Akarudi ndani. Watu walisikia kitanda kikilia. Alipotoka alikuwa amembeba bila kanga, bila kofia, bila kitu, kama alivyo.

"Yustina ni huyu," alisema. "Na mkitaka kutupakia, tupakieni naye."

Nyua zote zilivuta pumzi. Elinaza alimpokea, akamwingiza kwenye kisuruali, na kile kisuruali kikabaki kikipwaya. Mshale wa mizani ulitikisika, ukapanda kidogo, ukasimama mapema kama uliochoka. Mtafiti aliipiga mizani kwa kidole. Akamtoa mtoto, akauacha mshale urudi mwanzo, akamtia tena. Mshale ukasimama palepale.

"Soma wewe, mama," alisema.

"Mie sijui kusoma haya."

"Huu mstari mrefu ni tano. Hesabu vistari vinavyofuata."

"Sita," Filomena akasema.

"Kilo sita. Na mwanzoni mwa mwaka aliandikwa tisa na nusu."

"Yule hakuwa huyu. Yule alikuwa yule pale."

"Najua." Elinaza aliketi kwenye ngazi ya baraza bila kukaribishwa. "Ndiyo sababu nimekuja. Nyumba nane, watoto wanane, wote kilo tisa na nusu. Hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua. Mwalimu wetu alifurahi, akasema hajaona takwimu safi namna hiyo. Mie nikasema hata mapacha hawako hivyo. Nikaomba nirudie."

Filomena alikuwa akimfunga mtoto. Mikono ikasita. "Na yule dada? Yule alijua?"

Mtafiti aliitazama mizani.

"Ndugu, nakuuliza. Alijua?"

"Nilimwuliza. Kwanza alicheka. Aliniambia msichana wa nyumba ya kona alimkojolea mpaka kidevuni."

"Halafu?"

"Halafu akalia. Alisema angeandika kweli, angeambiwa aanze upya, na muda wake wa kupeleka matokeo ulikuwa umekwisha. Akaona nyie mna sababu zenu, na kwamba nyumba nane hazitaharibu hesabu."

Filomena alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa kwenye vumbi la mpingo. Kumbe alijua. Siku zote hizi yeye alikuwa akimcheka msomi asiyejua mvulana na msichana, na msomi mwenyewe alikuwa anajua. Walitazamana pale, mmoja amelowa na mmoja amekauka koo, wakadanganyana kwa adabu kabisa. Na aliyelipa alikuwa jikoni kwa Apolonia, chini ya kanga, ameambiwa anyamaze.

Mzee Fakihi akasogea karibu. "Sasa, ndugu. Lori linakuja lini?"

"Lori gani?"

"La kupakia wenye njaa."

"Mzee wangu, lori la nini? Sisi tulitumwa kwa ajili ya maziwa. Kujua ni wapi yapelekwe."

Mzee Fakihi alifungua mdomo, ukabaki hivyo. "Maziwa," akasema mwishowe. "Na kwa nini hakutuambia?"

"Alikatazwa. Sote tulikatazwa kusema, ili watu wasije wakajikondesha kwa kutaka msaada."

"Wajikondeshe!" Romani akapaza sauti, na tezo likamtoka mkononi. "Wajikondeshe!"

Ndipo kwenye ua wa pili mlango ukafunguliwa. Mama mmoja alitoka na mtoto aliyesemekana yuko kwa bibi. Mtoto huyo alikuwa na uso wa mzee na tumbo kama ngoma. Mlango mwingine ukafunguliwa. Yule wa surua. Na mwingine. Wakaja mmoja mmoja, wanatembea kama watu wanaokwenda kutubu, na kila aliyefika aliwatazama waliotangulia, kisha akamtazama wake. Filomena alivihesabu vichwa vile vya rangi ya makumbi, akasahau amefikia ngapi, akaanza upya. Miezi yote hii alikuwa akilala akijua ni wake peke yake.

"Yaani," Apolonia akasema, mkono mdomoni, "mtaa mzima tumetoka nje?"

"Basi kama ni kubemenda," akajibu Romani, "Chamazi hii hakuna aliyelala kwake."

Mtu akaangua kicheko. Kikapokewa, kikapanda, kikafika mahali kikageuka kilio, na hakuna aliyejua ni cha nani.

Elinaza aliitundika mizani kwenye boriti ya baraza la Romani, hadharani. Kila mama alimtia wake mwenyewe, akasoma mshale mwenyewe, akautaja kwa sauti, na walio nyuma wakasogea kuhakikisha. Hakuna aliyeleta maji ya kumchelewesha.

Wiki mbili zikapita. Elinaza akarudi, safari hii bila mizani, na hakusalimia mbwa. Alimkuta Filomena na Romani barazani. Yustina alikuwa ameacha kulia siku ya tatu sasa, na ukimya ule ulikuwa umeijaza nyumba kuliko kelele yoyote.

"Wamekaa kikao," akasema. "Wanasema kuna matokeo mawili, na yanapingana."

"Yanapingana vipi? Moja ni la kweli na jingine la uongo!" Romani akang'aka.

"Ndivyo nilivyosema. Yule dada pia alikuja akasema mwenyewe, mbele yao wote. Lakini wameandika kwamba, kwa kuwa matokeo yanapingana, hayawezi kutumika lolote kati ya hayo. Mpaka awepo mtu wa tatu, asiyehusika, apime."

"Lini?"

"Mwakani. Fedha zikipatikana."

Romani alimtazama kijana wa watu kwa huruma kabisa, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Filomena alimtazama mwanawe. Nzi alitua kwenye kope ya Yustina, na Yustina alimwacha.

"Wamesema mtu wa tatu," Filomena akauliza taratibu, "au wamesema msomi wa tatu?"

"Mtu wa tatu. Asiyehusika."

Filomena aliinuka, akajifunga kanga ya pili. "Apolonia!" akaita ukutani. "Waite wenzio. Waambie waje nao wote, na wasiwavishe kofia."

Foleni ya kliniki asubuhi ile ilisogea yenyewe kuwapisha. Walikuwa wanawake saba na watoto saba, na nyuma yao Apolonia, ambaye hakuwa na shida ya maziwa lakini alisema hawezi kubaki nyumbani, na nyuma ya wote Ndugu Elinaza, amebebeshwa mtoto wa mtu aliyechoka njiani na suti imemlowa begani.

Sista Tekla aliinua macho safari hii. Akaona mmoja, akaona wa pili, na kalamu ikamlala mkononi.

"Hawa wa wapi?"

"Chamazi," Filomena akasema. "Wale wanene."

"Mama, mie nilikwishakuambia, utafiti…"

"Utafiti wa kwanza umesema hivi, wa pili umesema vile. Sasa wametaka mtu wa tatu apime, asiyehusika. Wewe unatuhusu nini, sista? Ulitutukana tu, hujatujua. Mizani yako hiyo hapo."

Hakungoja ruhusa. Alimtia Yustina kwenye mizani ya muuguzi yeye mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni, ili isije ikasemwa kwamba aliugusa mshale. Sista Tekla aliinama akasoma. Akasimama. Akainama tena. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asome, na mwenzake akataja namba ileile.

"Mungu wangu," akasema. Akamwangalia Filomena, na ile sauti ya kusikilizwa na foleni ikawa haipo. "Mlete anayefuata."

Aliwapima wote. Wakati wa mtoto wa tano alikuwa akifuta macho kwa kofia yake ya uuguzi. Walipokwisha, akageuka akayatazama makatoni.

"Haya ni ya Goba. Watoto wa Goba nao hawakubuniwa."

"Hatutaki yote," Filomena akasema.

Sista Tekla aliweka mkono juu ya katoni la juu. Kisha akachukua mkasi wa kukatia bandeji, akapasua gundi. Alichanganya kikombe cha kwanza hapohapo, kwa maji ya chupa yake ya chai, akampa Filomena. Filomena alikichovya kidole kidogo, akakipeleka kwenye mdomo wa Yustina. Kidole kikakaa. Kikakaa. Halafu akakisikia kikivutwa, kwa udhaifu kabisa, lakini kwa nia.

Ndipo akasikia kitu kinamvuta upindo wa kanga huku chini. Alikuwa Gaudens. Amejipenyeza katikati ya miguu ya watu mpaka mbele, amekiona kisuruali kitupu kinaning'inia, uso umemchanua, mikono yote miwili juu.

"Na huyu?" Sista Tekla akauliza, ameshika kalamu. "Huyu naye apimwe?"

"Huyu mwache," Filomena akasema, kidole bado mdomoni mwa mwanawe. "Huyu alikwishapimwa kwa niaba yetu sote."